Tarumbeta la Jumba Tupu

Sauti ilianza chini kabisa, kama ng'ombe anayekata roho mbali. Kisha ikapanda, ikanyooka, ikakaa juu bila kutetereka.

Nilikuwa bado nimefumba macho. Nilijua ni nini kabla sijajua niko wapi. Mji wetu mzima wa Dankwari hakuna asiyelijua kakaki, tarumbeta la bati lenye urefu wa watu wawili, linalopulizwa kwa ajili ya Emiri, mfalme wetu, peke yake.

Shida ni kwamba jumbani hapakuwa na Emiri.

Msomaji wangu wa majuma yaliyopita anakumbuka nilivyofukuzwa jumbani kwa Emiri kwa kosa la kuzaliwa mwana wa muuza nyama. Kwetu mpiga sifa huzaliwa na mpiga sifa, mfua chuma na mfua chuma. Mimi mashairi sikurithi kwa mtu. Nilijifunza peke yangu, kisu mkononi, utumbo wa ng'ombe miguuni. Wakaniita shigege, mdandia kazi za watu. Unakumbuka pia Gavana alivyonisikia sokoni, akasimamisha msafara mzima, akaniambia, "Panda." Jeshi halikuniuliza baba yangu ni nani.

Na nilikuachia pale Gavana alipomwondoa Emiri mzee na kumpeleka uhamishoni. Siku ya kumwingiza Emiri mpya mjini, Gavana alitangulia mbele, akataka kakaki lipulizwe kwa ajili yake mwenyewe. Mzee Lawwali, mkuu wa wapulizaji, akakataa. Polisi wakamchukua.

Hakurudi nyumbani. Serikali ilitangaza kwamba ametoroka.

Sasa twende.

Nilifungua mlango wa kibanda changu nyuma ya Ikulu ya Jimbo, nikakuta mtu amesimama kizani, fulana mwilini, shuka kiunoni. Nilitaka kumtukana. Kumbe ni Kanali Orkuma Tsegba, Gavana wa Kijeshi wa Jimbo la Mashigi, yuko kwenye mabanda ya watumishi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Ahsante, Mungu." Akaegemea ukuta. "Nilidhani ya alfajiri naisikia mimi tu."

Akanipeleka stoo. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, pamoja na kile kibati chake cha askari. Ndani, makakaki yote yaliyochukuliwa jumbani yalilazwa chini kama mabomba ya maji. Alipitisha kidole juu ya moja, akanionyesha. Vumbi.

"Hayajaguswa," akasema.

"Labda kuna jingine lililofichwa."

"Labda. Hiyo labda ndiyo ninayoiombea kila siku."

Akaketi juu ya sanduku la risasi. Mimi nikabaki nimesimama. Nikataka kumpa moyo, nikamtolea mistari yake:

*Chuma kisoshika kutu, masika yajapozidi,*
*Mto usio daraja, ukijaa haurudi.*

"Kimeshika kutu hicho chuma," akasema. "Unajua nilivyokuwa gavana?"

"Kwa ushujaa wako, Mheshimiwa."

"Acha kazi kidogo, Barau. Nakuuliza kama mtu."

Nikaketi chini, kando ya makakaki.

"Baba yangu alilima viazi vikuu ng'ambo ya mto Benue. Alinipeleka shule ya watoto wa jeshi kwa sababu kule chakula kilikuwa cha bure. Nilijua kutandika kitanda kabla sijajua kutongoza. Vita vilipokuja nilikuwa kapteni. Nilizika vijana wangu asubuhi, mchana nikala, usiku nikalala. Sikuota hata siku moja. Halafu vita vikaisha, na siku moja nanyolewa kambini, redio inapiga muziki wa gwaride tangu alfajiri. Tukajua wakubwa wameangushana. Wakaanza kusoma majina ya magavana. Kinyozi akasema, 'Afande, huyu si wewe?' Nina sabuni shavu moja. Jimbo lenyewe nililitafuta kwenye ramani."

"Na barabara ukajenga. Maji ukaleta. Nimeyaimba yote."

"Umeimba hata daraja ambalo halijakwisha."

"Wimbo hutangulia saruji, Mheshimiwa."

Alicheka kidogo kwa pua. Kisha uso ukazimika.

"Yule mzee hakutoroka," akasema.

Nikiri jambo moja hapa. Nilikuwa nimeshajua. Si kwa kuambiwa, bali jinsi mtu anavyojua nyama imeoza kabla hajaifunua. Nilijua, na nikaendelea kula.

"Nilimwambia Ebiloma, Kamishna wa Polisi, maneno haya tu: kaa naye mpaka apulize. Akaja akaniambia, 'Tatizo limekwisha, Mkuu.' Nikafurahi. Nikadhani mzee amekubali." Akatazama mikono yake. "Hakukubali."

"Amezikwa wapi?"

"Sikuuliza." Akainuka. "Emiri mpya hataki kulala jumbani. Anasema hawezi kuingia nyumba inayomwita mwingine. Wakubwa kule Lagos wananiuliza nimemwondoa mfalme ili niweke nini. Nenda jumbani sasa hivi. Ukikuta mtu, rudi uniambie ni mtu."

"Na nikimkuta, nimkamate?"

"Nimekwambia uje uniambie ni mtu. Basi." Akashika bega langu. "Tafadhali, Barau. Awe mtu."

* * *

Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya vumbi la jangwani, jekundu kama jicho bovu. Lango la jumba lilikuwa wazi. Hakuna mlinzi, hakuna ombaomba, hakuna hata mbuzi. Nilipita ukumbi wa kwanza, nikapita wa pili. Nikasikia fagio.

"Nani?" sauti ya kike ikauliza.

"Barau."

"Barau yupi? Wa Serikali au wa utumbo?"

Nilimjua kwa ulimi huo kabla ya sura. Delu, binti wa Mzee Lawwali. Alikuwa anafagia ukumbi wa wapulizaji, kitambaa kimefungwa puani kwa sababu ya vumbi.

"Barau aliyekuja kukuposa," nikasema, "baba yako akasema nyumba ya kakaki haiozi binti kwa mwenye kisu."

"Baba hakusema hivyo. Nilisema mimi. Yeye alikuwa anakutafutia maneno ya adabu."

Haya. Miaka yote hiyo nimemchukia mtu asiyehusika.

"Delu, sikuja kwa hayo. Nani anapuliza?"

"Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Angalau husemi uongo." Akaweka fagio ukutani. Akaenda kwenye mtungi mkubwa wa nafaka pembeni, akaingiza mikono, akatoa vipande vya bati vilivyoviringishwa kwa nguo. Kakaki hufunguka vipandevipande, na kipande kimoja huingia ndani ya kingine. Hili lilikuwa la mzee mwenyewe. "Mimi ndiye. Kamwambie."

"Mwanamke kupuliza kakaki?"

"Na muuza nyama kutunga mashairi. Dunia ya wanajeshi hii, kila mtu yuko mahali pasipo pake. Hata gavana wako."

Nilitaka kujibu. Nikaona mdomo wa lile bati. Buibui alikuwa ametanda utando wake ndani ya tundu la kupulizia, umekamilika, haujakatika hata uzi.

"Delu. Leo umepuliza saa ngapi?"

"Leo? Leo ni Jumanne. Mimi hupuliza Ijumaa tu, wakati ule baba alipokuwa akimpulizia Emiri akienda msikitini."

Niligeuza mdomo wa bati kwenye mwanga, nikautazama tena ule utando.

"Mimi nimesikia leo," nikasema. "Alfajiri hii. Ndicho kilichoniamsha."

Aliketi chini polepole, vipande vya bati mapajani.

"Ijumaa mji mzima husikia," akasema. "Siku nyingine nikiisikia bila kupuliza huwauliza majirani, wananitazama kama nimerogwa. Nikasema basi ni ndoto zangu. Umesikia kweli?"

"Kweli. Gavana naye."

"Yeye pia?"

"Kila siku."

"Basi tuko watatu," akasema. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake yuko njiani.

"Unataka nini, Delu? Nikamwambie nini?"

"Mwambie simdai Emiri. Wale wakubwa waondoshane wanavyotaka. Nataka baba. Kama amekufa, na najua amekufa, aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, alazwe ubavu wake wa kulia kama watu wengine. Nikimsitiri, chukueni hili bati mkafanyie makarai."

* * *

Gavana alikuwa ananisubiri ngazini. Bado shuka kiunoni.

"Ni mtu," nikasema. Akashusha pumzi. "Ila leo hakupuliza yeye."

Ile pumzi ikakatika katikati.

Nilimwambia ombi la Delu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa mshangao kama wa mtoto, "Kumbe ni hilo tu."

Akaenda kuvaa. Akamwita Kamishna.

Kamishna Ebiloma alikuja anatafuna mbegu ya kola, viatu vinang'aa, sauti laini kama ya mganga wa watoto. Alipiga saluti nzuri kuliko zote nilizopata kuziona.

"Yule mzee yuko wapi?" Gavana akauliza.

"Alitoroka, Mkuu. Tulitangaza."

"Nakuuliza mimi, redio haipo hapa."

Kamishna aliacha kutafuna. "Kambini kwangu, Mkuu. Nyuma ya zizi la farasi."

"Kesho asubuhi atafukuliwa, arudishwe kwao. Nitakuwepo. Nitasema amri ilikuwa yangu."

"Mkuu amelala vizuri?"

"Sijalala tangu siku ile. Kila alfajiri nalisikia kakaki."

"Inaonekana." Akanitazama mimi kwa mara ya kwanza. "Na huyu mshairi ni shahidi?"

"Huyu ni masikio yangu."

"Masikio mazuri. Ayatunze." Saluti nyingine. "Itakuwa kama ulivyoamuru, Mkuu."

Alipotoka, Gavana alisimama dirishani akilitazama gari lake likienda. "Unaona?" akasema. "Jambo lenyewe lilikuwa jepesi." Siku hiyo alikula tuwo, ugali wa kwetu, sahani nzima, na mchuzi akafuta kwa kidole. Aliniuliza Waislamu huvaa nini mazikoni, na kama mtu wa kanisani akisimama nyuma kwenye sala ya maiti inafaa. Nikamwambia asimame tu, hakuna atakayemfukuza.

Alfajiri iliyofuata hatukusikia kitu. Mimi sikusikia, na yeye alikuja kibandani kwangu kuniambia hakusikia, akicheka kama bwana harusi. Alikuwa tayari amevaa sare kamili, nishani zake zote za vita kifuani.

Tukakaa kungoja lori la polisi. Uji ukaja, tukanywa. Lori halikuja. Bagia zikaja, hakuna aliyezigusa.

Redio ilikuwa mezani, inasema mambo ya karanga na mvua. Kisha ikasema:

"Baraza Kuu la Kijeshi limemstaafisha Kanali Orkuma Tsegba, Gavana wa Jimbo la Mashigi, kwa sababu za afya, kuanzia sasa hivi. Kanali Tsegba atakabidhi madaraka yote kwa Kamishna wa Polisi wa Jimbo, atakayekaimu mpaka hapo itakapotangazwa tena."

Ikarudi kwenye karanga.

Yule askari aliyesimama nyuma ya kiti, ameshika kofia ya Gavana kwa mikono miwili kama kila siku, aliiweka mezani, akatoka. Hakuaga. Nje nikamwona dereva anakunja bendera ya gari, anaiweka mfukoni.

"Redio ilinipa," Gavana akasema, "na redio imetwaa."

"Amekuwahi, Mheshimiwa. Atakuwa amepiga simu Lagos jana ileile."

"Amewaambia nini?"

"Kwamba unasikia sauti."

"Basi hakuwadanganya." Alianza kuvua nishani moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye sahani ya bagia. "Na usiniite Mheshimiwa. Wakikusikia watakupiga."

Maisha yote ya kazi ya mtu yalifungwa ndani ya sanduku moja la chuma, lilelile alilokuja nalo. Aliwekwa kiti cha nyuma cha Pijo kuukuu, askari huku na askari huku. Langoni, walinzi waliokuwa wakipigiana vikumbo ili wamwone akipita, walikuwa wanavuta sigara. Mmoja akasema, "Nenda salama, baba," kwa dhihaka. Mwenzake akamkanyaga mguu.

Aliniita dirishani.

"Ulisikia Kamishna alichoniambia jana?"

"Nyuma ya zizi la farasi."

"Basi. Mnaojua ni wewe na yeye, na yeye hatasema." Akainamisha kichwa upande kidogo, kama mtu anayesikiliza jirani. Uso wake ukawa wa kijivu.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nilisikiliza. Ilikuwa mchana. Palikuwa na kunguru, na injini ya gari, na askari anayekohoa.

"Sisikii kitu, Kanali."

"Hapana," akasema. "Kakaki hili limekuja kwangu."

Gari likaondoka. Alikuwa bado ameinamisha kichwa.

* * *

Nilikwenda kwa Delu, jumbani, nikipita vichochoroni. Nilimwambia yote: ni nani alisema nini, wapi, na nani anatawala sasa.

"Kambini kwa polisi," akarudia. "Chini ya samadi ya farasi."

"Nyuma ya zizi."

"Ndiyo hapo samadi inapotupwa, Barau. Usinilainishie."

Nje honi ikalia. Landirova ya polisi. Koplo mmoja akachungulia ukumbini bila kubisha hodi, tumbo limetangulia.

"Mshairi. Tumekutafuta kama sindano. Kamishna, yaani Mheshimiwa Kaimu Gavana, anakutaka. Kesho kuna gwaride kambini, anataka wimbo. Mpya. Usimletee makombo ya yule mwenye wazimu."

"Nakuja."

"Usikawie. Na dada, habari za asubuhi."

"Ni mchana," Delu akasema.

Koplo akarudi garini. Mimi damu ilikuwa imenipanda mpaka machoni. Ushairi wote niliowahi kutunga ulikuwa unasukumana kooni.

"Mungu ameleta," nikanong'ona. "Delu, nitasimama mbele ya gwaride lile, kipaza sauti mkononi. Nitamtaja baba yako, jina lake, la babu yake, mpaka wa kwanza wao. Nitawaonyesha kwa kidole alipolala. Mji mzima utasikia."

"Halafu?"

"Halafu watajua."

"Halafu watakupiga risasi, nawe utalazwa kando yake bila kuoshwa. Mji utapata wimbo. Wewe utapata sifa, maana hicho ndicho unachokitafuta tangu tulipokuwa watoto. Mimi nitapata nini?"

Nikachungulia nje kuiangalia Landirova.

"Ushairi sikukuomba," akasema. "Nimeomba baba."

Honi ililia tena, ndefu.

Ewe msomaji, mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumnyamazisha mpiga sifa wa ukoo wa karne tatu mbele ya wake zake. Mchana ule nilisimama mbele ya binti wa Lawwali, nikatafuta mstari mmoja, nikakosa. Nilichobaki nacho kilikuwa maneno ya kawaida, ya kununulia vitunguu.

Nikamsogelea, koplo asisikie.

"Kesho utanisikia kwenye kipaza sauti namsifu aliyemuua," nikasema. "Nitamsifu hadi machozi yamtoke kwa raha. Nitamwomba kazi kambini, na akiniuliza kazi gani, nitasema ile ya zizi, kuzoa samadi, mimi ni mwana wa muuza nyama na harufu nimezoea. Watanicheka. Usizibe masikio, Delu, na usinilaani. Nitamtoa baba yako mle kwa mikono hii, nimlete mpaka mlangoni hapa, aoshwe kama watu."